Teksi mtandao Dar: Usikubali safari isiyo na shahidi

KILA shule zinapofungwa mwezi Julai, mabasi yanayotoka Bujumbura kwenda Dar es Salaam hubadilika sura. Wafanyabiashara wanaokwenda Kariakoo kufuata vitenge, viatu na vipuri hawasafiri peke yao tena. Pembeni yao wamekaa watoto wenye mabegi mgongoni, ambao hawana habari na vitenge wala vipuri. Wao wana neno moja tu mdomoni: Kunduchi.

Wanachokitamani ni bustani ya michezo ya maji ya Kunduchi Wet 'n' Wild, iliyoko ufukweni kaskazini mwa jiji, jirani na hoteli ya Kunduchi Beach, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya mji. Mtoto aliyekwisha kwenda huko mara moja huwasimulia wenzake wote wa mtaa habari za mabomba yanayoteremsha watu majini, na mwaka unaofuata kila mzazi huulizwa swali lile lile: "Na sisi tutakwenda lini?"

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili huku Rumonge. Nimekwenda Dar mara nyingi, peke yangu na pamoja na familia, na mwezi Agosti 2025 niliwapeleka Kunduchi watoto wangu watatu na mpwa wangu mmoja. Nimeona ya kuona, nimesimuliwa mengi na wasafiri wenzangu, na nimeonelea niyaandike kabla msimu mwingine haujafika. Makala haya hayahusu mabomba ya maji. Yanahusu jinsi ya kwenda huko na kurudi salama kwa teksi mtandao, yaani gari unaloliita kwa programu ya simu.

Kujiona mwenyeji

Ndugu msomaji, wengi wetu tuliorejea nyumbani tulizaliwa au kusomea Tanzania. Mimi nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972. Nilisoma huko tangu darasa la kwanza hadi nikawa mwalimu, na nilirejea Burundi mwaka 2008 nikiwa na mke na sanduku moja la vitabu. Kiswahili changu hakina shaka. Nikifika Mbezi nikasema "mambo vipi", hakuna anayeniuliza natoka wapi.

Lakini hapo ndipo penye mtego. Mtu anayejijua kuwa mgeni huuliza mara mbili, husoma namba ya gari na kushika mkoba wake vizuri. Sisi tunaojiona wenyeji hatuulizi. Tunaongea na dereva kama ndugu, tunacheka, tunakubali kila analosema, kwa kuwa kuonyesha shaka ni kama kukiri kwamba ugeni bado upo. Ukweli ni kwamba Ulyankulu si Dar es Salaam, na Dar ya mwaka 1998 si Dar ya leo. Kujua lugha ya mji si kujua watu wake.

Teksi mtandao zilipoingia Dar mwaka 2016, kwanza Uber na baadaye kampuni iliyoitwa Taxify, ambayo tangu 2019 inaitwa Bolt, watu wengi walizipenda kwa sababu ya bei. Baadaye ikaja pia inDrive, ambayo abiria hutaja bei yake na dereva hukubali au hukataa. Kwa msafiri anayevuka mpaka, hata hivyo, faida kubwa ya programu hizi si bei. Faida kubwa ni shahidi.

Teksi ya kupatana barabarani haina kumbukumbu yoyote. Hujui jina la dereva, hukuandika namba, na likitokea jambo unabaki kusema "lilikuwa gari jeupe". Teksi mtandao huacha maandishi: jina na picha ya dereva, namba ya gari, mahali ulipopandia, njia mliyopita na saa mliyofika. Maandishi hayo ndiyo shahidi wako katika mji usio na shangazi wala mjomba. Nimechunguza visa vyote nilivyosimuliwa na wenzangu, na karibu kila kimoja kilianza pale shahidi huyo alipofukuzwa, ama na dereva, ama na mazingira, ama na abiria mwenyewe kwa tamaa ya kuokoa shilingi 2,000.

Kabla ya kuvuka mpaka

Maandalizi huanza nyumbani. Jambo la kwanza ni simu. Laini ya Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, na mgeni husajiliwa kwa hati yake ya kusafiria. Ukishapita Kobero na kuingia Kabanga, au Mugina na kuingia Manyovu, nenda kwa wakala anayetambulika ukasajili laini kwa jina lako. Achana na vijana wanaouza laini zilizokwisha sajiliwa kwa majina ya watu wengine. Laini ya namna hiyo inaweza kufungwa wakati wowote, na ikifungwa mkiwa Kunduchi saa 12 jioni na watoto wanne, hutakuwa na programu wala mtu wa kumpigia.

Jambo la pili ni kuhakikisha kwamba programu uliyoizoea bado inafanya kazi. Kampuni hizi huja na kuondoka. Mwezi Aprili 2022 Uber ilisimamisha huduma zake Tanzania baada ya kutokubaliana na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, kuhusu kiwango cha kamisheni wanachokatwa madereva, ikarudi mwaka 2023. Msafiri aliyefika katikati ya kipindi hicho akiwa na programu hiyo peke yake alijikuta mikononi mwa wapiga debe. Weka programu mbili, uzijaribu ukiwa bado na jamaa wa kukuelekeza.

Jambo la tatu ni saa. Saa ya Tanzania iko mbele ya yetu kwa saa moja. Ikiwa simu yako haijibadilishi yenyewe, utadhani ni saa 11 jioni kumbe ni saa 12, na Dar jua huzama karibu na saa 12 na nusu. Saa moja hiyo ndiyo tofauti ya kurudi kukiwa na mwanga na kurudi gizani.

La nne ni fedha. Wafanyabiashara wengi husafiri na dola. Tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza kudai au kulipa bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Dereva anayekuambia "nipe dola tu, mzee" anakuingiza katika kosa, na pia anataka kujua kama unazo. Badilisha katika duka la fedha lenye leseni, kisha weka shilingi za nauli peke yake, katika mfuko tofauti na ule wa mtaji.

Namba kwanza, mlango baadaye

Basi linafika kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Wote mmechoka, mdogo analia, na kabla mguu haujagusa ardhi wamekwisha kuwazunguka vijana: "Teksi, mama! Teksi, mzee! Mnakwenda wapi, Kariakoo?" Mmoja ameshika begi lako tayari. Usimwachie. Ingieni ndani ya jengo, kaeni, mnywe maji, ndipo uite gari kwa utulivu.

Gari likifika, kuna kanuni moja ambayo nimeifanya sheria ya nyumba yangu: namba kwanza, mlango baadaye. Namba za magari ya Tanzania huanza na herufi T, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Za bajaji na pikipiki huanza na MC. Mimi huwapa watoto kazi hiyo. Mkubwa anasoma namba kwenye simu kwa sauti, mdogo anaisoma kwenye gari, na zikilingana herufi kwa herufi ndipo mlango unafunguliwa. Kwao ni mchezo. Kwangu ni somo la kusoma na somo la kuishi, yote mawili kwa dakika moja.

Msitazame rangi wala aina ya gari. Magari mengi ya kazi hii mjini Dar ni Toyota ndogo, IST, Passo na Vitz, na zikisimama tano mbele ya geti zote hufanana kama mapacha.

Baada ya namba, uliza jina, lakini uliza kwa namna sahihi. Usiseme "Wewe ndiye umekuja kumchukua Mwalimu?" kwa sababu mtu yeyote atajibu "Ndiyo, mimi". Sema: "Umekuja kumchukua nani?" Dereva wa kweli ana jina lako kwenye simu yake na atalitaja mwenyewe.

Wapo watakaosema huu ni uoga wa mwalimu. Ndugu zetu waliochukuliwa kutoka kambi za Kigoma kuanzia mwaka 2007 kwenda kuishi Marekani wanajua kwamba huko swali hilo limekuwa kampeni nzima. Machi 2019, mjini Columbia katika jimbo la South Carolina, mwanafunzi wa chuo kikuu aitwaye Samantha Josephson, mwenye umri wa miaka 21, aliingia katika gari alilodhani ni Uber aliyoiita. Halikuwa lenyewe, na aliuawa usiku ule ule. Baada ya hapo wazazi wake walizunguka nchi nzima wakiwafundisha vijana kumuuliza dereva "Jina langu nani?" kabla ya kupanda. Swali la sekunde tatu limezaliwa na kaburi, nasi tusilione dogo.

"Ghairi hiyo safari, mama"

Sasa nifike kwenye jambo linalowapata wasafiri wetu kuliko mengine yote. Umeita gari, namba zimelingana, dereva amefika. Anatazama mabegi, anasikia mnakwenda mbali, kisha anasema kwa upole: "Mama, ghairi hiyo safari kwenye simu. Mimi nitakupeleka kwa bei ya chini, tuelewane mimi na wewe."

Ni vema tuelewe kwa nini anasema hivyo, kwa sababu si kila dereva anayesema hivyo ni mwizi. Kampuni hukata sehemu ya nauli kwa kila safari, na kamisheni hiyo ndiyo iliyoleta mvutano wa mwaka 2022 niliokwisha kuutaja. Dereva ana mafuta ya kununua, wengine hulipa hesabu ya kila siku kwa mwenye gari, na akiona safari ndefu ya Kunduchi anaona fedha ambazo angependa zibaki mfukoni mwake. Hilo linaeleweka. Lakini wewe ukibonyeza kughairi, umemfukuza shahidi. Tangu dakika hiyo, kwa maandishi ya kampuni, wewe hukupanda gari hilo kamwe.

Mama mmoja wa Nyanza-Lac, mfanyabiashara wa vitenge ninayemheshimu, alinisimulia yaliyompata mwaka 2023. Alitoka Kariakoo na mafurushi mawili akielekea Mbezi kupanda basi la kurudi. Programu ilionyesha shilingi 24,000, dereva akamwambia 18,000 akighairi. Akaghairi. Walipofika Manzese dereva akasema njia imefungwa, nauli sasa ni 40,000. Wakabishana. Mama akashuka kuwauliza watu pembeni kama kweli njia imefungwa, akiwa na furushi moja mkononi. Gari likaondoka na la pili.

"Mwalimu, polisi waliniuliza swali moja tu," aliniambia. "Namba ya gari? Nikafungua simu, sikukuta kitu. Nilipunguza 6,000, nikapoteza mtaji wa miezi minne."

Ushauri wangu ni mwepesi. Ukiona dereva ni mwema na safari ni ndefu, mwambie hivi: "Kaka, safari ibaki kwenye simu. Tukifika salama nitakuongezea ya soda." Shilingi 1,000 au 2,000 mkononi mwake, juu ya nauli, hulinda heshima yake na hukubakizia shahidi. Akikataa, mshukuru, shuka, ita gari lingine. Hana haki ya kukasirika, nawe huna sababu ya kuona haya.

Kuna pia wale ambao hawana simu ya kisasa na huitiwa gari na jamaa yao wa Dar. Hilo halina ubaya, ila jamaa asiseme tu "gari linakuja". Akusomee namba na jina la dereva kwa simu, wewe uandike kwenye karatasi, kisha yeye abaki akifuatilia hadi umpigie kwamba umefika.

Ndani ya gari

Mkishapanda, watoto wakae kiti cha nyuma na mikanda ifungwe. Magari haya kwa kawaida hayana kiti maalumu cha mtoto mchanga. Kumpakata mtoto kwenye kiti cha mbele ni hatari kuliko yote, kwani gari likifunga breki kwa ghafla uzito wa mzazi humsukuma mtoto kwenye dashibodi. Kama una mtoto mdogo sana na unasafiri mara kwa mara, kiti cha kubebeka ni mtaji kama mtaji mwingine.

IST ni gari la abiria wanne. Sisi tulikuwa sita. Ingewezekana kubanana, na madereva wengi hukubali, lakini mikanda haizidi idadi ya viti. Tuliita magari mawili, mke wangu katika moja na mimi katika jingine, kila mmoja na watoto wawili. Kamwe msiwaweke watoto peke yao katika gari la pili kwa kudhani litafuata nyuma. Katika foleni ya Mwenge gari la pili halifuati, hupotea.

Kwa mwendo mfupi ndani ya mtaa bajaji inafaa. Kwa barabara ya Bagamoyo, yenye malori na mabasi yanayokimbia, siipendekezi kwa familia. Na pikipiki ya mshikaki, mtoto katikati ya dereva na mzazi, tuiache kabisa, hata kama ni kutoka kituo cha Mtongani kwenda ufukweni tu.

Programu zina sehemu ya kumtumia mtu mwingine safari yako, ili aone gari linavyokwenda kwenye ramani. Itumie. Mdogo wangu aliyebaki Rumonge alitufuatilia kwenye simu yake kutoka Mbezi, tukipita Goba, tukatokea Tangi Bovu, hadi Kunduchi. Mwambie dereva pia, bila ukali: "Ndugu zangu wanaiona safari hii." Dereva mwaminifu haimsumbui. Kwa mwingine, ni onyo tosha.

Tuwe na adabu ya mazungumzo pia. Usizungumzie mzigo, fedha wala siku ya kuondoka ukiwa ndani ya gari. Na usidhani Kirundi ni kificho. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na Dar imejaa vijana kutoka Kasulu na Kibondo. Unaweza kumwambia mkeo kwa Kirundi mahali zilipo fedha, na dereva akatabasamu kwa kuwa amesikia kila neno.

Jioni, getini

Saa ngumu kuliko zote ni ile ya kufunga. Familia zote hutoka kwa wakati mmoja, watoto wamelowa na wana njaa, chaji ya simu imeshuka, na bei kwenye programu imepanda kwa sababu wanaoita ni wengi. Hapo ndipo watu hupanda gari lolote.

Agosti ile, tulipotoka, gari jeupe lilisimama mbele yetu hata kabla simu haijalia. "Mmeita gari? Twendeni, twendeni, msizibe njia!" Mpwa wangu alikuwa amekwisha kushika kitasa. Mkubwa wangu akasoma namba, akasema, "Baba, siyo." Dereva akajibu upesi: "Ni gari la ndugu yangu, akaunti ni moja, pandeni tu." Nikamshukuru, tukarudi ukutani. Gari letu lilifika baada ya dakika 11. Sijui yule alikuwa mtu wa namna gani. Huenda alikuwa baba mwenye watoto, akitafuta riziki. Lakini kanuni haichagui nyuso. Gari au dereva asiyelingana na maandishi ya simu si safari yako, hata kama maelezo yake ni ya kweli.

Kuna njia za kuipunguza shida hiyo. Tokeni saa moja kabla ya kufunga, au subirini ndani hadi msongamano upungue, mradi giza halijaingia. Mtu mzima mmoja asiingie majini mchana kutwa, na simu yenye chaji ibaki kwake, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Beba pawabenki. Wavalishe watoto nguo kavu na utandike khanga kwenye kiti, kwa sababu dereva anayeona viti vyake vitaloweshwa ana haki ya kulalamika, na ugomvi wa viti huharibu safari nzima.

Angalia pia alama ya mahali pa kupandia kwenye ramani. Bustani na hoteli ziko jirani, na alama inaweza kuangukia geti lisilo lenu. Mwandikie dereva ujumbe ukimtajia geti mlilopo. Usikubali akuambie mtembee hadi barabarani gizani "kwa sababu hapo hawaruhusu". Kama geti limejaa, simameni karibu na walinzi, penye taa.

Kwa wanaokwenda upande wa Kigamboni, kumbukeni kwamba Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016, lina tozo. Ulizeni mwanzoni kama imo ndani ya nauli, msije mkabishana katikati ya daraja.

Simu ikizimika

Shahidi wa mtandao ana udhaifu mmoja: hutegemea mtandao. Mwezi Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania nzima kwa siku kadhaa na Dar ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Programu zote zikawa mapambo.

Kwa hiyo mwalimu ndani yangu anasisitiza kalamu na daftari. Andika kwenye karatasi namba za watu watatu: jamaa wa Dar, mwenye nyumba ya wageni mliyofikia, na dereva mmoja ambaye mmekwisha kusafiri naye kwa programu na mkamwona ni mwaminifu. Nakala moja iwe kwa mkeo au mumeo, nyingine mfukoni mwa mtoto mkubwa. Ukilazimika kupanda teksi isiyo ya mtandao, andika namba yake kabla ya kukaa, umsomee mtu kwa simu ya kawaida huku dereva akisikia. Shahidi wa karatasi ni bora kuliko kukosa shahidi.

Ongeza namba mbili za bure. Polisi wa Tanzania hupatikana kwa 112. Simu ya msaada kwa watoto ni 116. Mtoto wa miaka sita anaweza kuzikariri zote mbili, pamoja na namba ya mzazi wake, kabla basi halijafika Kahama. Mimi nimewafundisha wangu kwa kuimba, na wamezishika kuliko jedwali la saba.

Na ukisahau kitu ndani ya gari, usikimbilie kulaani. Fungua historia ya safari, kuna sehemu ya kumpigia dereva au kuripoti kilichopotea. Nimewahi kurudishiwa kiatu cha mtoto na dereva aliyetoka Tegeta kukileta. Madereva waaminifu ndio wengi, na ndio wanaoumia jina linapochafuliwa na wachache. Mpe nyota zake, mpe ya soda, mtaje jina lake kwa wenzako.

Wahenga walinena, msafiri kafiri. Sisi tuliokulia ugenini tunaujua msemo huo kuliko wengi, kwani tuliwahi kuwa watu tusio na maandishi, tusio na wa kututetea, ambao neno letu halikupata shahidi. Tumerejea, tuna hati mkononi, tuna nauli, na watoto wetu wanavuka mpaka ule ule wakienda kucheza majini. Ni neema kubwa. Kabla hujafunga begi la likizo ijayo, waite watoto, andika namba yoyote ya gari kwenye karatasi, uwaambie waisome kwa sauti, herufi kwa herufi. Wakikosea, warudie. Wakipatia, wako tayari kwenda Kunduchi.